Sauti ya Nne

"Redio iliyokuja na gari usiitoe," nilimwambia Malongo,
"iache na vitufe vyake vilivyofutika maandishi,
mwache na yule dada wa Kijapani
anayenisalimu au kunikemea, sijui,
kila nikiwasha.
Nataka besi tu. Niongezee besi."

Karakana yake ipo Buzuruga, nyuma ya jiwe
kubwa kuliko nyumba, lenye namba ya simu kwa rangi ya bluu.
Aligonga mlango wa Spacio kwa vifundo vya vidole
kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Spika ya karatasi," akasema, "sumaku kama kifungo cha koti.
Waliolitengeneza walisikiliza bei."

Akalegeza kwanza nati ya hasi kwenye betri.
Saa ya redio ikazimika katikati ya dakika.
Kisha waya mwekundu, mnene kama kamba ya kufungia ndama,
na fyuzi yake karibu na chanzo
("waya usio na fyuzi ni moto uliolala"),
ukapenya ukuta wa injini, ukaingia chini ya zulia,
na huko chini ya zulia tukakuta
vichwa viwili vya dagaa, vocha iliyokwanguliwa,
na pipi za tangawizi, tano, zimeshikana.

Nikaziweka mfukoni. Malongo hakuuliza.

Boksi akalilaza nyuma, akalifunga kwa boliti,
akarudisha betri. Saa ikaamka: moja, nukta mbili, sifuri, sifuri.
Saa saba kamili, wakati jua lilikuwa limeshainama kuelekea ziwani.
Akaweka wimbo wake wa kujaribia.
Loo!
Kibao cha namba kikatetemeka kama meno ya mwenye homa,
pimbi wawili wakakimbia kutoka juu ya jiwe,
mama wa uji akakumbatia sufuria lake kwa mikono miwili,
na vijana wa kuosha magari wakapiga mluzi: fundi! fundi!

Nikampa diski yangu.
Kwaya yetu ya Igogo, mwaka ule ziwa lilipopanda
hadi kwenye ngazi za nyumba ya jirani.
Sauti ya kwanza walikuwepo, wote, wamepaa.
Ya pili, mama yangu akiwa katikati yao, alikuwepo.
Ya tatu, Ng'wandu na koo lake la shaba.
Chini yao, kinanda kikichimba, kikichimba,
na kwenye hilo shimo
hapakuwa na mtu.

Malongo akazima.
"Dada. Unataka ngoma au unataka mtu?"

Niliangalia pimbi. Walikuwa wamerudi.

"Maana ulisema besi, nikaenda kuchimba kisima.
Mtu hakai kina hicho. Mtu yuko juu kidogo,
pale spika ya mlango imeshachoka
na boksi bado halijapokea."

Akachukua bisibisi ndogo ya kurekebishia miwani,
akazungusha skrubu isiyozidi mbegu ya nyanya:
robo. Robo tena. Akarudi nyuma kidogo.
Mlangoni akabandika spika kwa kipande cha ndara kuukuu
ili bati lisiingilie mazungumzo.

Ubeti wa pili, kabla mwalimu hajashusha mkono,
kabla ya wenzake wote,
mmoja akaingia.
Sikumsikia kwa sikio. Nilimsikia kwa mgongo,
kwa kitambaa cha kiti alichokikalia miaka kumi na mmoja.

Nilimlipa laki na sitini, nikabaki nadaiwa ishirini.

Jumapili nilimpakia mama, tukashuka Mabatini
vioo vimefungwa. Saa ya redio sijairekebisha.
"Mbona hili gari linanguruma?"
"Nimeliongezea besi, mama."
Akanyamaza hadi daraja likapita,
mkoba magotini, pipi ya tangawizi shavuni.
Ubeti wa pili ukafika.
"Mwambie," akasema, akitazama dirishani,
"mwambie asitangulie."