Mcheza Kwao

Nilimpa Shekuwe mti.
Naandika hivyo nisije nikajificha:
mwalimu wa maigizo, miaka kumi na mmoja hapa Tudor,
nikakitazama kiti chake cha magurudumu
nikaona kitu kilichotulia pahali pamoja,
nikamwambia, utakuwa mwarobaini
langoni mwa ghala. Usihofu. Huna la kusema.

Akauliza: Huo mwarobaini unaiba?
Hauibi.
Basi mimi nataka mwizi.

Darasa likaangua kicheko.
Mwachiro kutoka nyuma: Mwizi hukimbia, we utakimbiaje?
Shekuwe akatuambia tufumbe macho,
tuhesabu hadi kumi.
Tulipofumbua, kalamu yangu haikuwa mezani,
na yeye yuko mlangoni, ameipachika sikioni.
Hatukusikia kitu.

Nimesikia mimi, akasema Mbeyu,
Mbeyu ambaye haoni, ambaye sikuwa nimempa
hata mti.
Gurudumu la kushoto linataka mafuta.

Usiku ule nikachana kurasa nane.
Ghala likawa la Shimanzi, umeme umekatika,
mwizi juu ya magurudumu,
na mlinzi ni msichana
ambaye giza halijampunguzia chochote.

Ikabaki ngazi.
Jukwaa la ukumbi wetu ni la saruji, ngazi tano,
na waliolijenga walijua miguu tu.
Wavulana wanne wakakishika kiti: moja, mbili,
kama gunia la mbolea kule Kilindini.
Shekuwe akatazama mabati ya paa,
jasho likimtiririka shingoni.
Nishusheni, akasema.
Mwizi hubebwa akishakamatwa,
na mimi bado sijaiba.

Wakamshusha. Pangaboi likalia peke yake.

Mbeyu akauliza: Kwani jukwaa ni nini?
Nikaanza kueleza, saruji, urefu, pazia...
Akanikata: Si ni pale mnapotazama?
Basi tazameni huku.

Siku yenyewe wageni ndio waliopanda.
Viti vyao tulivipanga juu, kwenye saruji,
na mwenyekiti wa bodi, magoti yakimlalamikia,
akashikwa mkono ngazi ya tatu, akashikwa tena ya nne.
Shekuwe alimwona.
Hakusema neno, ila alitabasamu kiizi.

Mafuta aliyakataa.
Nilikwenda na kikopo, akasogea nyuma:
Mwalimu, ukinyamazisha hili gurudumu
Mbeyu atanikamata kwa nini?

Taa zikazimwa. Akaingia kwa upande wa choo,
pole, pole mno, hata mtoto mchanga
aliyekuwa akilia tangu mwanzo akanyamaza.
Mbeyu katikati ya sakafu, rungu begani,
shingo imeinama kidogo kama anayeonja chumvi.
Kimya.
Kisha: kwii.
Nani? akasema Mbeyu,
na mwenyekiti wa bodi, huko juu, akajibu, Si mimi!

Mamake Shekuwe alishuka na noti ya mia
kumtunza mwanawe. Akamtunza na mlinzi.
Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.
Hawakutaja huko kwao
kuna ngazi ngapi.

Na mti?
Mti niliucheza mimi.
Nilisimama langoni dakika arubaini,
tawi la mwarobaini kila mkono,
mguu wa kulia umekufa ganzi,
naona kila kitu,
sina la kusema.