Jina la Darasani

Zimebaki siku tano, Baba,
na bado unatia kifungo cha juu kwenye tundu la chini,
tabliye yako ya buluu imepanda bega moja
kama mlango uliokosa bawaba.
Fungua. Anza chini, panda pole pole.
Mimi naangalia ukuta nisije nikakusaidia.

Mama yako ameshona jina kwa uzi mwekundu
ndani ya kola. Ameliandika kwenye chupa ya maji.
Kwenye soli za viatu vya plastiki
nimelichora mimi, kwa msumari wa moto.
Kila kitu chako sasa kinajua unavyoitwa
isipokuwa wewe.

Hapa kwetu Katuba wewe ni Baba tu,
kwa kuwa umerithi jina la baba yangu,
na jina la marehemu hatulitupi ovyo
kuliambia liache kumvuta paka mkia.
Kwa hiyo mimi, mwanaume mzima, fundi wa kuchomelea,
nasema, "Baba, shuka mezani."
Nasema, "Baba, umejikojolea tena?"
na Mama Kyalwe, jirani, anacheka mpaka anashika ua.

Lakini kule masomo mwalimu ana daftari,
na daftari halijui heshima za nyumba ya mtu.
Nimeitoa karatasi ya kuzaliwa chini ya godoro,
imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa sukari:
Numbi Kalenga Amosi.
Majina matatu, na wewe una miaka mitatu.
"Kila mwaka na jina lake," umeniambia,
nami nimekosa la kujibu.

Jioni tukafanya mazoezi, bukari ikipoa.
Nikasimama mbele ya kabati, kijiti mkononi,
nikakohoa kama mwalimu:
"Numbi Kalenga Amosi!"
Ukageuka kuangalia nyuma yako
nani ameingia.

Jumapili tumeijaribu njia yote, vumbi jekundu mpaka magotini:
kutoka kwetu hadi bomba linalovuja,
kutoka bomba hadi kichuguu
kilicholiwa ubavu na wafyatua matofali,
halafu reli. Kwenye reli unashika mkono.
Hata kama treni haijapita tangu Pasaka, unashika.
Na geti lile la kijani nililichomelea mimi,
mwaka juzi. Walinisifu: halipitishi hata kuku.
Sikuwaza nitamwacha nani
upande wake wa ndani.

Ukitaka choo, sema.
Ukipigwa, sema. Ukipiga, sema pia.
Mkate gawa. Yai usigawe,
yai hilo mama yako amelihangaikia.
Kulia unaweza kulia, hakuna atakayekuona,
wote watakuwa wanalia.

Yule mwenye jina, Baba,
alifanya kazi kiwandani miaka thelathini na moja.
Getini hawakumwita. Alionyesha kibati cha shaba,
elfu nne mia moja kumi na saba,
wakasoma hicho, akapita.
Siku moja mama akamwita kwa namba ile, kwa utani,
chakula kikiwa tayari.
Alikuja. Alikula. Hakucheka.
Kibati ninacho. Umekiomba mara mbili
kwa ajili ya kuchimbia mchanga, nimekataa.

Leo ni usiku wa mwisho na umeme umekatika.
Tabliye inaning'inia msumarini, imejaa upepo kidogo,
kama ina mtu.
Nakuita gizani, bila kijiti, bila kukohoa:
"Numbi Kalenga Amosi."
Nasikia kitanda kinalia. Najua umegeuka tena
kuangalia mlangoni.
Unakaa hivyo, kimya, muda mrefu,
halafu unajibu:
"Tuko."

Nitakusahihisha. Mtu mmoja husema niko.
Kesho, njiani,
tukishavuka reli.