Kama Kawaida

Januari yangu ya kwanza Dundee
niliikuta karatasi imebandikwa juu ya boila:
"Ukihisi baridi, washa kama kawaida."
Kawaida ya nani?
Mimi nimetoka Tanga,
ambako joto haliwashwi, linavumiliwa.
Siku tatu nililala ndani ya koti
nikiikodolea macho ile mashine
kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji.
Aliyeandika hakuwa mtu mbaya.
Alikuwa mtu anayejua,
na ajuaye husahau upesi alivyokuwa hajui.

Sasa ndiyo kazi yangu.
Ghorofa ya tatu, kiwanda cha zamani cha juti;
mitambo iliondoka, harufu ya mafuta ikakaidi kwenye mbao.
Naandika miongozo ya wanaounda programu:
namna ya kuunganisha malipo, namna ya kuomba ufunguo,
la kufanya seva inapokujibu 401
na kukufungia mlango bila kukutajia kosa.

Ruaridh, aliyeuandika msimbo wenyewe,
husoma rasimu zangu amesimama.
"Mbona maneno mengi? Iko wazi."
Iko wazi, ndiyo.
Kila mlango uko wazi kwa aliyekwisha ingia.

Mwezi uliopita mtu mmoja wa Saskatoon,
saa tisa usiku kwake, aliniandikia:
"Hatua ya nne inasema weka tu ufunguo.
Nimekaa na hiyo 'tu' kwa saa tano nzima."

Nikazitafuta. Zilikuwa thelathini na saba.
Endesha tu. Nakili tu. Badilisha tu.
Herufi mbili,
lakini kwa aliyekwama ni kofi:
wenzako wote wanaweza, wewe una nini?
Nilizing'oa moja moja
kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Kisha nikamwita Eilidh, ana wiki mbili kazini,
nikamketisha mbele ya skrini na ukurasa mpya,
nikaahidi kutosema neno. Nilikalia mikono yangu.
Hatua ya kwanza, ya pili, akaenda kama maji.
Ya tatu akatafuna kifuniko cha kalamu.
Ya nne akapanda juu ya ukurasa, akashuka,
akapanda tena,
akanigeukia, akasema, "Samahani,"
kana kwamba kosa ni lake.

Samahani ile iliniuma.
Pale nilikuwa nimeandika "faili la mipangilio"
na huku juu nimeliita "faili la usanidi".
Kitu kimoja, majina mawili,
naye alikuwa akimtafuta pacha asiyezaliwa.

Jioni nilichagua jina moja, nikalishika.
Nikaongeza mfano unaofanya kazi ukinakiliwa ulivyo,
na mstari ambao hakuna aliyeniomba:
"Ukiona 401 hapa, hujakosea.
Ufunguo mpya huchukua dakika mbili kuamka."
Ruaridh akapita, akasoma, akanyamaza,
akavuta kiti.

Wa Saskatoon hakujibu.
Katika kazi hii shukrani ni kimya:
mtu amesoma, imekubali, amekwenda kulala
wala hakumbuki kwamba kuna aliyeandika.

Mwezi wa tano nahama chumba kile.
Nimeibandua ile karatasi, nimebandika yangu:

Zungusha kitufe chenye alama nyekundu
kuelekea upande wa dirisha.
Kibonyeze. Hesabu polepole hadi kumi na tano.
Itanguruma. Usiogope, ndivyo inavyoamka.
Usikiachie kabla hujauona moto wa buluu.
Ukiukosa, anza tena.
Mimi nilianza mara nne.