Yeye

Tukuyu mvua haipigi hodi.
Inaingia tu, inakaa juu ya bati
mpaka sisi wa chumba namba nne
tunasema kwa kupaza sauti, hata siri.

Ndiyo maana nilifunga dirisha
alipoingia kijana wa koti la mitumba, zipu hadi kidevuni,
kadi mpya, jina jipya:
Daudi Daudi.
Hakuna mzazi Rungwe aliyeishiwa majina kiasi hicho.
Sikusema kitu. Wino ulikuwa bado mbichi.

"Nasumbuliwa na malaria."
Malaria ya wapi? Homa hana. Amekalia paja moja
kana kwamba kiti ni cha kuazima na mwenyewe anakitaka.
Nikampima presha. Nikampima tena.
Yapo maradhi ambayo dawa yake ya kwanza
ni kutotazama saa.

Alitoka Mwanjelwa, nilikuja kujua.
Kona zote zile, baridi ya Isyonje, Kiwira,
akipita zahanati zenye penisilini hii hii.
Kwao aliwahi kusema kweli:
tabibu akafungua mlango, akaita wenzake,
wakaja wanne, mmoja na chapati mkononi,
wakamtazama kama lori lililopinduka Mlima Nyoka.
Akaandikiwa mstari wa Biblia.
Kidonda hakijui kusoma.

Nami si malaika.
Mwaka wangu wa kwanza kazini, Kyela,
binti mmoja, Subilaga, alifuata kipimo cha mlango wa kizazi,
akaniambia anaishi na binti mwenzake.
Nikacheka. Si sana. Kicheko cha puani.
Alivaa viatu taratibu, kimoja, kingine,
akasema, "Asante, sista."
Asante hiyo nimehama nayo vituo vitatu.

Basi nikavuta kiti, nikauliza swali la kwenye fomu
ila si kama fomu inavyoliuliza.
Fomu inataka mume au mke, weka vema.
Nikasema, "Na mwenzi wako, yeye ana dalili?"

Yeye.
Tazama lugha yetu ilivyo na adabu:
haichungulii chini ya nguo kabla ya kumtaja mtu.
Yeye kalala, yeye kala, yeye anakohoa.
Alilishika lile neno
kama kikombe cha chai asubuhi ya Julai, kwa mikono miwili.

"Yeye ana upele viganjani."
Kimya. Bati.
"Yeye anaogopa kuja."
Halafu, kwa haraka, kama anayemwaga maji:
"Yeye ni fundi viatu, sista, ana mikono mizuri,
sasa anawaficha wateja mikono."

Tukaenda hivyo, yeye kwa yeye,
hadi tukafika panapouma.

Sindano mbili. Dawa hiyo nzito, humliza hata askari;
alilia, na sidhani ni sindano tu.
Nikamweleza kaswende, kipimo cha VVU, kondomu, vilainishi,
kwa sauti ile ile ninayoelezea uji wa lishe.
Nje ya mlango kuna sheria, kuna mahubiri, kuna shangazi.
Ndani kuna kitanda, pazia, beseni la maji ya uvuguvugu.
Penye mume au mke sikuweka vema.
Mkaguzi atauliza. Aulize.

Wiki mbili nimeficha dozi nyuma ya boksi la glovu.
Alhamisi ya kwanza, hakuna mtu.
Ya pili, saa tisa, mlango ukasukumwa kidogo:
mwavuli kwanza, unachuruzika,
halafu mtu, mikono yote mfukoni,
harufu ya gundi ya viatu.

Nikamuuliza jina.
Akatazama ukutani, bango la mama anayenyonyesha,
akawaza weee.
"Daudi," akasema. "Daudi."

Nikacheka, safari hii kwa mdomo mzima,
na yeye akacheka,
akatoa mikono.