Kidole cha Kazi Gani?

Ubeti wangu wa kwanza sikuuandika.
Ulinitoka tu, kituoni Konde, msimu wa karafuu,
nyuma ya foleni ya magunia,
karani kavaa koti la kaki,
kidole chake kimeegemea sahani ya mizani
kama mtu aliyechoka.

    Karafuu nachambua, vikonyo viko pembeni,
    Na pishi nishaijua, hata nikiwa gizani,
    Bwana mizani watua, kidole cha kazi gani?
    Mungu anakuchungua, nami niko mlangoni.

Watu wakacheka mpaka wengine wakakalia magunia yao.
Karani akakitia kidole mfukoni.
Mama alipata kilo mbili zaidi ya hesabu yake,
na kabla sijafika nyumbani nimeshaalikwa harusi mbili.

Miaka saba nilighani. Wete, Micheweni, Kojani,
kumbini, viwanjani, hata kwenye uzinduzi wa kisima
ambacho hakikutoa maji.
Nikajua pa kumeza mate,
nikajua wapi wanawake wa nyuma wataitikia "Ehee!"
kabla kina hakijafika.

Kisha nikavuka na vyeti vyangu hadi Tunguu,
kusomea uzamili wa jambo nililokuwa nikilifanya.

Ubeti ule ukawa sura ya nne.
Dakta Thuwaiba, msimamizi wangu, mwanamke mwema kwelikweli,
aliuzungushia wino mwekundu: Fafanua.
Kidole kinaashiria nini? Chanzo? Mwaka?
Nikaandika: kidole ni dola.
Akaandika: Sawa. Fafanua.
Nikaandika: kidole ni soko, ni historia, ni mkono usioonekana.
Kikarefuka kidole kile kurasa thelathini na moja,
tanbihi zinakifuata nyuma kama vifaranga.
Kicheko tu ndicho kilichokosa pa kukaa.
Nilijaribu mabano: (hapa watu wanacheka).
Nikayafuta. Ilikuwa kama kumwonesha mwenye njaa
picha ya pilau.

Siku ya utetezi umeme ulikatika.
Projekta ikazima, jopo likabaki kiza kitupu,
na mie, bila kuombwa, nikausema ubeti
kwa mwendo wa Konde.
Mtahini kutoka bara, kimya tangu asubuhi,
akasema, "Ehee!"
Umeme uliporudi alikohoa,
akanitaka nirekebishe marejeleo.

Sasa nafundisha uandishi, skuli moja ya Chake Chake,
wanafunzi arobaini, madawati ishirini na sita.
Nawafundisha aya. Nawafundisha nukta.
Nawaambia "hivyo basi" si kamba ya kufungia kila mzigo.
Usiku nasahihisha kwa taa ya chaji,
na juzi nikafika kwenye daftari la Mize Faki, wa Kiuyu.

Sentensi moja, ukurasa mzima:
karafuu ziko jamvini na wingu limetokea upande wa Tumbe
na mama kaita na sisi tumekimbia na Hamadi kaanguka
na hakuna aliyemwinua kwa sababu jamvi na jamvi na jamvi

Nikaandika pembeni: Nukta ziko wapi? Gawa aya.
Na chini yake lile neno.
Kumi na moja kwa ishirini.

Asubuhi wenzake waliingia. Yeye hakuingia.
Alisimama mlangoni, daftari kalikumbatia,
hakulia, hakulalamika,
alinitazama tu.
Nami mlango ule naujua. Niliutunga.

"Hebu isome," nikamwambia. "Kwa sauti."

Akaisoma kwa pumzi moja,
na alipofika kwenye jamvi la tatu
nusu ya darasa walikuwa wameinuka vitini,
wanawahi kuanua.

Nikautazama mkono wangu mezani: kalamu wazi,
kidole juu yake, kimeegemea
kama mtu aliyechoka.

Alama sijaibadilisha bado.
Mize kaniachia daftari.
Jumatatu atakuja kulichukua.