Nafasi ya Neno Moja

Kazi yangu ni vidole: nachapa wanayoyasema.
Dublin, chumba cha kamati, mvua yagonga kioo,
chai imepoa, imefanya utando.
Mezani mswada: sheria ya kashfa, marekebisho.
Kifungu cha kumi na moja, neno moja bado wanalivutana.

Wa kwanza ni Dervla Hanratty, mhariri
wa gazeti la kurasa kumi na mbili, Roscommon.
Aliandika kwamba mto chini ya kiwanda unanuka,
samaki wanaelea matumbo juu.
Picha anazo. Chupa ya maji yenyewe anayo.
Ikaja barua ya wakili.
Gharama ya kujitetea: nyumba yake, mara mbili.
"Sikushindwa kesi," asema. "Kesi haikusikilizwa.
Niliomba radhi kwa kusema kweli,
ukurasa wa tisa, chini ya bei za kondoo mnadani."
Nachapa *kondoo*. Nakosea, narudia.

Moyoni nikasema: ifutwe! Yote, ifutwe.

Ndipo akaketi Ultan Feerick, mwenye bucha,
kofia mikononi, aipinda, aikunjua.
Mtu asiyejitaja alimzulia
kuwa ndiye aliyemgonga mtoto wa Keaveney usiku, akakimbia.
Gari lake usiku huo lilikuwa gereji, halina magurudumu.
Polisi walithibitisha. Nani asome uthibitisho?
Wateja wakavuka barabara.
Mkewe akawa anavaa koti, anapanga foleni
peke yake, dukani mwao wenyewe,
ili dirishani aonekane mtu.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema nani alipie sakafu.

"Madhara yawe *makubwa*," asoma seneta,
"ndipo mtu ashtaki. Lakini makubwa
yanaanzia wapi?"
Kimya. Mabomba ya joto yanagugumia.
"Kwenye foleni ya mtu mmoja," Ultan ajibu.

Dervla akamsogezea glasi ya maji.
Ultan akaiinua kwenye mwanga, akaikagua,
na wote wawili, jamani, wakacheka.
Kicheko hakina herufi. Nimeandika: *(kelele)*.

Saa kumi na moja wameahirisha.
Wamesahau miavuli miwili.
Nami kwenye kifungu nimeacha pengo,
upana wa neno moja, si zaidi,
kishale kinawaka, kinazima, kinawaka.