Lita Thelathini

Mji wangu, kwa lugha ya kwetu, huitwa Mashua,
na hauna maji ambamo hata ganda la yai lingeelea.
Mito ipo, ila imezikwa:
wenye viwanda waliifunika kwa matofali
ikapita gizani chini ya tramu,
imebeba rangi za vitambaa,
kisha haikubeba kitu.

Hapa Łódź, ghorofa ya nne, Januari,
theluji imeziba nusu ya dirisha
nami nimepiga magoti mbele ya sanduku la kioo
lisilozidi urefu wa mikate miwili.
Udongo mweusi kwanza, punje kama pilipili manga,
chini mbele, juu nyuma,
ili jicho lidanganyike kwamba kuna mbali.
Kisha mawe. Matatu.
La nne nililirudisha mfukoni:
zuri mno, lilitaka kutazamwa peke yake.
Kubwa nililiinamisha kidogo kushoto
kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.
Nikaligeuza. Nikaligeuza tena.
Chai ikapoa, ikaota utando.

Gogo lilikataa kuzama.
Nililichemsha siku mbili katika sufuria ya supu ya bitiruti
ndipo likakubali.
Kuvumwani nikaifunga juu yake kwa uzi wa kijivu,
namba arobaini, kibiringo cha mwisho,
nilichotoka nacho ndani ya soksi
siku walipozima mashine zote
na masikio yetu yakaanza kuuma kwa ukimya.
Miaka thelathini nilikosa cha kuufungia.

Miche, mmoja mmoja, kwa kibanio,
mia moja na kumi na minne,
kila mmoja mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.
Nauchomeka, nauachia, unaibuka.
Nauchomeka kwa mshazari, nabana pumzi,
nauachia.
Unabaki.
Maji nikayamimina juu ya kisahani, kikombe kwa kikombe,
kama anayemnywesha mgonjwa.

Bwana Gniewomir wa mlango wa pili alikuja kurudisha sukari.
"Bi Ludomira, samaki wako wapi?"
Hakuna.
Wiki ya pili: "Samaki?"
Maji hayajaiva, nikamwambia.
Akacheka hadi vikombe vikaitika. Maji kuiva!
Lakini huiva. Kuna vijidudu visivyoonekana
ambavyo sharti vihamie kwanza,
vizaane, vile sumu
ili atakayekuja asiile.

Wiki ya tatu majani mapana yaliyeyuka kama sabuni,
mwani wa kahawia ukapaka kioo masizi.
Nilishika ndoo. Nililitazama sinki.
Kabla ya kumwaga nikafukua mzizi mmoja:
mweupe, mgumu, hauna habari.
Ndoo nikairudisha chini ya meza.

Machi wakaja uduvi kumi ndani ya chupa ya jemu,
wekundu, wenye shughuli zao.
Siku ya tano nikamkuta mmoja chini ya lile jiwe linalosikiliza,
amelala ubavu, hana rangi.
Nikamtoa kwa kijiko, nikamviringisha katika karatasi,
nikaona haya kumlilia kiumbe
asiyefika uzito wa punje ya mchele.
Gniewomir akavua kofia.
Akainama kwenye kioo, akahesabu kwa kidole,
akakosea, akaanza upya.
"Kumi," akasema.
Nikahesabu mimi. Kumi.

Nikaifungua karatasi.
Shati.
Mikono yote, mishono yote,
hata nyuzi mbili za sharubu;
hakuna palipochanika ila mgongoni,
pale alipotokea.
Miaka kumi na tisa nimekagua nguo,
sijapata kuona iliyovuliwa kwa adabu kama hiyo.

Usiku huo sikuizima taa saa nne kama kawaida.
Tramu ya mwisho ilipita, kioo kikatetemeka kidogo,
na chini yake, chini ya matofali,
mto wetu ulikuwa ukipita bila taa.
Nikaiacha dakika kumi zaidi.